Vipanya vya Mninga

Kuna watu wakikumbuka aibu zao hucheka, na kuna wanaotikisa kichwa, mimi nikiikumbuka yangu huwa napiga mluzi, mluzi wowote tu usio na wimbo, ili isinifikie vizuri, na mke wangu akiusikia huo mluzi kutoka bafuni huniuliza kupitia mlangoni, "Umeikumbuka tena ile siku ya kompyuta?" Nami namjibu ndiyo. Leo naisimulia yote bila kuruka kitu, kwa sababu wengi walioshuhudia wameshahama Mwanza na waliobaki wamezeeka kiasi cha kunisamehe, na pia kwa sababu, nikisema kweli, miaka ile naikumbuka kwa hamu kubwa hata pamoja na fedheha yake.

Nilikuwa mwalimu wa uchoraji na uchapaji katika chuo kidogo kilichojengwa juu ya mawe kule Ilemela, mahali ambapo ukifungua dirisha la darasa upande mmoja unaliona ziwa lote mpaka visiwani, na ukifungua la upande wa pili unaona jiwe, jiwe tu, limekaa karibu kiasi kwamba unaweza kuegemeza kikombe chako cha chai. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zinafunguliwa kila kona, wiki hii duka la vitambaa, wiki ijayo kiwanda cha minofu ya sangara, mara basi jipya la kwenda Shinyanga, na kila mmoja anataka bango, anataka lebo, anataka kadi yenye jina lake kwa herufi za kunakshiwa, kwa hiyo sisi tuliojua kushika brashi tulikuwa watu mjini. Nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili. Niliwafundisha kupima herufi kwa rula, kukata stensili kwa wembe, kuchapa fulana kwa kitambaa kilichobanwa kwenye fremu, na mikono yetu ilikuwa na rangi mpaka Jumapili kanisani. Harufu ya tapentaini ikinipitia leo, hata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nasimama kidogo.

Katika hao kumi na wawili alikuwepo binti mmoja aitwaye Kabula, mrefu, mkimya, anakaa kwa shangazi yake Buhongwa na anafika chuoni kabla mlinzi hajafungua geti. Huyu alikuwa na jicho. Unaweza kumpa neno lolote, "sabuni", "saruji", akakuandikia mpaka ukatamani kulinunua. Baba yake, mkulima wa pamba wa Kwimba, alikuwa amempa mwaka ule mmoja tu wa kumthibitishia kwamba kuchora ni kazi kama kazi nyingine, na mwaka ukiisha bila kazi kuonekana basi arudi nyumbani akashike jembe, maneno yameisha. Kabula aliniambia hayo mara moja tu, huku anaosha brashi, na hakuyarudia tena.

Sasa kosa. Kosa lilianzia Dar es Salaam, nilikopelekwa kwa mafunzo ya wiki mbili ya "usanifu kwa kompyuta", kwa sababu Mkuu wetu wa Chuo, Mama Koku, mwanamke wa Bukoba asiyependa kupitwa na jambo, alikuwa amesikia kwamba zama za brashi zimekwisha. Tulikuwa washiriki wengi na kompyuta moja. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kukaa, na zamu yangu ilipofika siku ya kwanza nilisema, "Endeleeni tu, mimi bado naandika." Ndiyo hiyo. Uamuzi mdogo kama huo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuiharibu ile mashine mbele ya watu (niliona mshiriki mmoja amebonyeza kitu, ikalia, na mwezeshaji akamtazama kama aliyekanyaga mtoto), na siku ya pili nikasema vilevile, na ya tatu, mpaka ikawa inajulikana kwamba Mwalimu Magesa wa Mwanza yeye ni mtu wa kuandika, na zamu zangu wakawa wanagawana.

Kwa sababu ya joto nilikuwa nasimama upande wa dirishani, nyuma ya meza, yaani ng'ambo ya waliokuwa wamekaa. Kutokea huko nilichora kila kitu. Mimi ni mchoraji, jamani, na nilifundishwa kwamba unachora kile unachokiona na siyo kile unachodhani, kwa hiyo wakati wa chai, watu wametoka, kipanya kimelala peke yake mezani, nilikichora kwa penseli kikiwa hivyohivyo, waya wake unakuja upande wangu, vitufe vyake viwili viko upande wangu, vivuli vimekaa sawa, mchoro safi ambao ungeweza kuuweka kwenye fremu. Ulikuwa mchoro sahihi kabisa wa kipanya kilichotazamwa na mtu aliyesimama mahali pasipo pake.

Niliporudi Mama Koku aliniita ofisini.

"Haya, Mwalimu, umeiva?"

"Nimeiva, Mama."

"Kompyuta ikija leo, unaiendesha?"

"Hata ikija saa hizi."

Haikuja saa hizo. Ilibaki kuwa ahadi kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa Mama Koku alitaka masomo yaanze mara moja, nikaamua kufundisha kompyuta bila kompyuta. Msinicheke, vyuo vingi vilifanya hivyo. Nilichora kioo chake ubaoni kwa chaki za rangi, nikachora kibodi kwenye karatasi za manila, kila mwanafunzi na yake, na kwa upande wa kipanya nikaenda kwa fundi seremala wa chuo, Fundi Bwire, na daftari langu, nikamwomba anichongee vipanya kumi na viwili vya mti wa mninga, vyenye mkia wa kamba ya katani.

Bwire aliutazama mchoro, akautazama tena, akauweka mkono wake juu ya ubao na kuuzungushazungusha.

"Mwarimu," alisema (Bwire ni Mjita, na hilo neno hakuwahi kulitamka vingine), "huyu panya mbona mkia wake unaingia kwenye tumbo la mtu?"

"Ndivyo alivyo."

"Na hivi vitufe viko huku chini kwenye kiganja. Unabonyeza na nini sasa?"

Hapo nilikwama kidogo, lakini mtu aliyekwisha kusema ameiva hawezi kukwama mbele ya seremala. Nikafikiri haraka nikamwambia unabonyeza kwa kitako cha kiganja. "Wenzetu wametengeneza hivyo ili vidole visichoke," nikasema, na huku nasema nikaanza kuamini mwenyewe, hata nikaona ni jambo la akili sana. Bwire akasema wenye mali yao ndio wanaojua, akaenda kukata mninga.

Vilikuwa vizuri vile vipanya, sitaki kudanganya. Vizito kidogo, vimepigwa msasa mpaka vinateleza, vina rangi ile nyekundu ya mninga. Kila asubuhi wanafunzi wangu kumi na wawili waliweka mikono juu yake, mkia umeelekea tumboni, na mimi natembea katikati ya madawati kama mwalimu wa kwaya: "Kulia! Kushoto! Juu! Bonyeza!" na vitako kumi na viwili vya viganja vinashuka pamoja, pwa! Walimu wa madarasa mengine walikuja kuchungulia mlangoni. Mama Koku alileta wageni. Mmoja wa wageni hao alikuwa Bwana Kanji, mwenye kiwanda cha uchapaji kule Mirongo, mzee mwembamba ambaye baba yake alinunua pamba Usukumani na yeye mwenyewe husalimia kwa Kisukuma vizuri kuliko sisi wengine, akasimama akatazama ile pwa mpaka mwisho, akaondoka. Baada ya wiki chache akaandika barua kwamba atatupa kompyuta moja kutoka ofisini kwake, yenye programu zote, na kwamba siku ya kuizindua angependa kumwona mwanafunzi bora akiitumia, maana alikuwa anafungua kitengo kipya cha kutengeneza lebo za maboksi ya samaki na anatafuta mtu mmoja wa kumwajiri.

Nilimsomea Kabula ile barua. Alikuwa anakata stensili, akaweka wembe chini, akafuta mikono kwenye aproni mara mbili tatu ingawa haikuwa na rangi siku hiyo.

"Mwalimu, nitakuwa mimi?"

"Atakuwa nani mwingine?"

Kompyuta ikaja. Fundi aliyetumwa na Bwana Kanji aliifunga siku moja kabla ya sherehe, akaijaribu, ikawaka, na mara tu alipomaliza Mama Koku akaifunika kwa vitambaa vyake vya kufuma vyenye maua, kibodi na kitambaa chake, kioo na chake, kipanya na chake kidogo (alikifuma usiku wa kuamkia siku hiyo), akafunga chumba, akaweka ufunguo kwenye mkoba. Hakuna wa kugusa mpaka mgeni rasmi akate utepe. Nanyi mnajua mambo ya mgeni rasmi yalivyo kwetu, kisima hakinyweki na zahanati haitibu mpaka utepe ukatwe, na kusema kweli mimi nilifurahi, maana moyoni nilikuwa naogopa kuiwasha.

Jioni hiyo Kabula alinifuata nje nilipokuwa nahangaika na maturubai. Ndiye aliyekuwa amempelekea chai yule fundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vipi, mbona hujaenda nyumbani?"

"Mwalimu, nina swali kuhusu kipanya."

Ningekuwa na akili ningesimama pale pale. Lakini turubai moja lilikuwa linapeperuka, wenye viti walikuwa hawajafika, na nadhani pia, nikijipekua vizuri, kuna kitu ndani yangu kilichojua kwamba swali hilo ni baya. Nikamwambia, "Kabula, maswali ni kesho kutwa. Leo nenda ukanyooshe sketi." Akasimama kidogo, akasema haya Mwalimu, akaondoka kushuka yale mawe.

Siku yenyewe ilipambazuka na upepo mzuri wa ziwa. Wazazi walikuja, walimu wa shule za jirani walikuja, ngoma ilikuja. Bwana Kanji, ndiye mgeni rasmi, alifika na binti yake Hansa, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi naye kiwandani, mpole, anayeketi ameupakata mkoba wake magotini. Hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, makofi, vigelegele, tukaingia chumba cha kompyuta kadiri tulivyoweza kutosha na waliobaki wakajazana madirishani. Viatu vilibaki mlangoni, maana siku hizo kompyuta ilikuwa haiingiliwi na viatu, vumbi lingeiua, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba soksi yangu ya kulia ina tundu na kwamba kidole gumba changu kimetoka nje chote, kimesimama pale mbele ya mgeni rasmi kana kwamba nacho kimealikwa.

Mama Koku akafunua vitambaa kimoja kimoja. Fundi alikuwa ameacha kila kitu mahali pake, kipanya kimekaa kulia kwa kibodi, waya wake umeelekea mbele, umepita nyuma ya mashine. Kabula akaketi. Alikuwa amevaa sketi ya bluu iliyonyooshwa mpaka mkunjo wake unaweza kukata mkate. Akanyoosha mkono akakishika kipanya kama kilivyokaa.

Mimi nikakohoa. "Mkia, Kabula," nikamnong'oneza, lakini mnong'ono wa mwalimu unasikika na wote.

Akaniangalia. Nakumbuka aliniangalia kwa muda, siyo mrefu, halafu akakigeuza kipanya taratibu, mkia ukaja tumboni, akaweka kitako cha kiganja juu ya vitufe.

"Mpelekee mgeni rasmi mshale kwenye kona ya juu, kulia," nikasema kwa sauti ya kufundishia.

Mshale ukaenda kona ya chini, kushoto.

"Juu, Kabula."

Ukazidi kushuka. Akajaribu kushusha, ukapanda. Akaenda kushoto, ukaenda kulia kwa haraka kama kitu kinachomkimbia. Watu wa madirishani wakaanza kuminyana. Akabonyeza kwa kitako cha kiganja, pwa, kama tulivyozoea, na kitu kisichotakiwa kikafunguka, na mashine ikalia ule mlio wake wa Dar es Salaam, nami damu yote ikashuka miguuni, kwenye kile kidole.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno moja. Badala yake nikasema, kwa sauti, "Mama Mkuu, nadhani mashine hii ni mbovu. Imefungwa kinyume."

Mama Koku ni mtu wa kuchukua hatua. Alikuwa na kipaza sauti mkononi kwa ajili ya walio nje, na kabla sijavuta pumzi akawa ameshawatangazia, mpaka barabarani wakasikia, kwamba kwa masikitiko makubwa kompyuta iliyoletwa imegundulika na mtaalamu wetu kuwa ni mbovu. Aliyeileta alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Bwana Kanji akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mtu mwingine angetulia. Mimi nilikuwa nimeshapanda na sikuona pa kushukia, nikaikagua ile mashine kama daktari, nikazunguka nyuma yake, nikarudi, nikasema tatizo nimelipata, kioo kimewekwa kichwa chini. "Fundi Bwire, njoo unisaidie!" Na Bwire, Mungu ambariki, akaja na soksi zake nzima, tukakiinua kile kioo, kizito kama gunia la mahindi, tukakipindua juu chini, tukakishikilia hewani, waya zimetujia usoni, na mimi kwa chini ya kwapa la Bwire nikasema, "Jaribu sasa, Kabula!"

Kabula akasogeza. Na mnajua nini? Ikakubali. Mkono kulia, mshale kulia, mkono juu, mshale juu. Nikasikia furaha ambayo sijawahi kuisikia tena. "Mmeona!" nilipiga kelele. "Mmeona! Sasa inakwenda!" Jambo lililobaki ni kwamba maandishi yote yalikuwa yamesimama kwa vichwa, na wageni wa meza kuu walikuwa wameinamisha shingo zao kama kuku wanaotazama mwewe ili wayasome. Hata hilo nilikuwa na jibu lake tayari, nilikuwa nataka kusema litarekebishwa.

Hapo ndipo Hansa alipoinuka. Aliweka mkoba wake kwenye kiti, akaja bila viatu, bila sauti, akamwambia Kabula, "Samahani, dada," akakiinua kipanya kwa vidole viwili, akakigeuza, akakiweka. Kisha akatutazama mimi na Bwire tulivyokuwa tumekumbatia kile kioo, akasema kwa upole mkubwa, "Mnaweza kukishusha, Mwalimu."

Tukakishusha. Kisha mtu mmoja dirishani akacheka, halafu wote, halafu wa nje ambao hawakuona chochote nao wakacheka kwa sababu wa dirishani wanacheka, mpiga ngoma akapiga kidogo, na Bwire, aliyekuwa bado anahema, akanitazama akasema, tena ndani ya kile kipaza sauti ambacho Mama Koku alisahau kukizima, "Mwarimu, mimi siku ile nilikuuliza."

Bwana Kanji hakucheka. Alikula sambusa moja, akaaga kwa heshima zote, na alipoulizwa na Mama Koku kuhusu ile nafasi ya kazi alisema atafikiri, huenda akamleta mtu kutoka Nairobi. Niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya mlango, natafuta viatu vyangu.

Nilijificha stoo ya rangi. Kabula alinikuta huko, nimekaa juu ya ndoo. Nikamwambia pole, nikamwambia mashine zina mambo mengi, nikaendelea kusema upuuzi kama huo mpaka nikaona macho yake mekundu.

"Mwalimu, mimi nilijua," akasema. "Nilimwona fundi anavyokishika. Mkia mbele."

"Ulijua? Sasa kwa nini hukukishika hivyo?"

"Nilikishika. Wewe ukasema mkia." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Ningekataa mbele ya wageni, Mwalimu, ningekuwa nimekuumbua."

Ile aibu ya chumbani, ya kioo na soksi na kipaza sauti, hiyo ilikuwa aibu ya kuchekwa, na ya kuchekwa huisha. Hii ya stoo ndiyo inayonifanya nipige mluzi. Binti mwenye mwaka mmoja tu mkononi alikuwa ameutoa ili mimi nisionekane mjinga, na bado nikaonekana.

Jumatatu nilikwenda Mirongo. Mashine za Bwana Kanji zilikuwa zinanguruma, harufu ya wino imejaa, akanipa kiti na kikombe cha chai yenye tangawizi, nikamweleza kila kitu kuanzia zamu zangu za Dar es Salaam. Nikamwambia binti anajua, alijua tangu mwanzo, kosa ni langu.

"Niliona," akasema. "Alikishika sawa. Hilo ndilo tatizo langu, Mwalimu. Mtu anaona kosa, ananyamaza. Hapa kwangu akinyamaza, mimi nachapa maboksi ya kontena zima na jina la samaki limekosewa."

Sikuwa nimelitazama jambo kwa upande huo. Nikaweka kikombe chini.

"Hakunyamaza, Mzee. Alikuja kuniambia siku moja kabla, nikamfukuza akanyooshe sketi. Aliyemnyamazisha ni mimi. Mwanafunzi ambaye mwalimu wake hana siri ya kuficha, huyo atasema tu."

Akavua miwani, akaiweka mezani. Kisha akasema kama ni hivyo, niyaseme maneno hayo hayo mbele ya wanafunzi wote, Kabula akiwepo, ili ajue kwamba kusema kosa la mkubwa siyo kosa. Nikifanya hivyo nimlete Jumatano, atamjaribu.

Nilisema Jumanne asubuhi, kwenye mstari, chuo kizima kimesimama, Mama Koku pembeni amekunja mikono (alikuwa hajaanza kunisemesha bado). Nikawaambia kwamba sikuwahi kukishika kipanya maishani mwangu, kwamba niliogopa, kwamba nilikichora kutoka upande usio wake, na kwamba yupo mtu alikuja kuniuliza na nikakataa kumsikiliza. Hawakucheka. Mpaka leo najiuliza kwa nini hawakucheka.

Kabula alikaa kwa Bwana Kanji miaka mingi, na maboksi ya minofu yaliyopanda ndege pale Ilemela kwenda Ulaya yalikuwa na herufi za mkono wake, na baba yake alikuja kutoka Kwimba akaonyeshwa boksi moja, akalishika, akaligeuza pande zote, akaomba arudi nalo nyumbani. Bwire ameshafariki. Vipanya vile vya mninga wanafunzi waligawana, mimi nikabaki na kimoja, ndicho kinachozuia mlango wa chumba changu usijipige kwa upepo wa ziwa.

Nilijiwekea nadhiri mbili nami sijazivunja: sifundishi kitu ambacho mkono wangu haujakishika, na mwanafunzi akiniambia ana swali, hata turubai lipeperuke mpaka Ukerewe, nasimama. Ya kwanza niliitimiza Jumamosi moja mchana kule Mirongo, mashine zimezimwa, Bwana Kanji ametupa ruhusa. Nilikaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza, upande unaostahili kukaliwa. Kabula alisimama ng'ambo ya meza, pale nilipokuwa nimesimama mimi. Nikanyoosha mkono, nikausimamisha hewani juu ya kipanya, nikashindwa kuushusha.

"Mwalimu," akasema, "una swali?"

Nikamwambia ninalo.